Baada ya "sijambo": mwongozo wa kuubeba moyo unapoishi na ugonjwa usiopona

Kiswahili kina adabu moja ngumu. Ukiulizwa "Hujambo?", unajibu "Sijambo" kwanza, hata kama umetoka makaburini. Ndipo unapoongeza "ila". Sijambo, ila mguu wanisumbua. Habari ni njema, ila mama hatunaye. Mgonjwa wa wiki moja hapati taabu na adabu hii: atasema "ila" yake, atapewa pole, atapona. Lakini anayeishi na sukari, presha, siko seli, pumu au maradhi ya figo huirudia "ila" ile ile mwaka baada ya mwaka, mpaka anaona haya kuwachosha watu na kuimeza. Anabaki na "sijambo, alhamdulillah" mdomoni, na mengine yote kifuani.

Mimi nina sukari, na huu ni mwaka wa kumi na moja. Miaka saba ya mwanzo niliimeza. Haya ni maelezo ambayo ningefurahi kupewa mwaka ule wa kwanza, nimeyapanga kwa hatua. Mifano mingi ni ya sukari kwa kuwa ndiyo niijuayo. Mwenye maradhi mengine ataigeuza imkae.

Hatua ya 1: Andika ulichopoteza

Watu hudhani huzuni ya mgonjwa ni hofu ya kufa. Mara nyingi siyo. Ni msiba wa vitu vidogo vidogo ambao hakuna anayekuja kukupa mkono wa pole. Mimi nilipoteza halua. Anayetaka kucheka na acheke, lakini mwanamume wa Mji wa Kale, Mombasa, anayekunywa kahawa chungu barazani bila kipande cha halua wala kashata ataulizwa sababu jioni ya leo, na ya kesho, na ya mtondo. Nilichoka kueleza. Baada ya mwezi nikaacha kwenda barazani kabisa. Nikapoteza halua, nikapoteza baraza, kisha marafiki wa miaka thelathini, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoandikwa kwenye kitabu cha kliniki.

Chukua karatasi, uigawe mara mbili kwa mstari. Upande mmoja andika vilivyochukuliwa na ugonjwa. Upande wa pili andika ulivyoviacha wewe mwenyewe kwa sababu ya haya, woga au uchovu. Kwangu halua ilikaa upande wa kwanza, baraza upande wa pili. Vya upande wa kwanza vinataka kuliliwa, na kulia si kukufuru. Vya upande wa pili vinaweza kurudi, na karatasi hii utaihitaji baadaye. Usiandike maneno ya kupendeza, maana hakuna atakayesahihisha.

Hatua ya 2: Jipime

Kuna uchovu wa kubeba maradhi, na kuna sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Uchovu wa maradhi unahusu maradhi: umechoka na sindano, umechoka kuhesabu chapati, umechoka kukemewa. Lakini ukifika harusini ukakutana na watu wako, bado unacheka. Sonona haichagui. Mjukuu anakukimbilia mlangoni nawe huhisi chochote. Tafiti nyingi zimeona kwamba sonona huwapata wenye sukari karibu mara mbili ya watu wasio nayo, kwa hiyo ikikupata usidhani umelaaniwa.

Madaktari hutumia maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita: umekosa hamu ya mambo uliyoyapenda? Una huzuni au umekata tamaa? Usingizi ukoje? Unachoka? Unakula kidogo mno au kupita kiasi? Unajilaumu? Unashindwa kutuliza akili kwenye jambo moja? Umekuwa mzito kusema na kutembea, au hutulii kabisa? Umewaza kwamba heri ufe? Kila swali lina alama kuanzia 0, yaani halijatokea, hadi 3, yaani karibu kila siku. Jumla ya juu kabisa ni 27. Ukifika 10, tafuta msaada.

Ila hapa pana mtego kwa mtu kama mimi. Sukari ikipanda, inachosha yenyewe, na inakuamsha usiku kwenda haja ndogo. Figo zikidhoofika, hamu ya chakula hutoweka. Mwenye siko seli ana upungufu wa damu, na upungufu wa damu ni uchovu. Kwa hiyo usijumlishe alama tu. Yape uzito maswali ambayo mwili hauwezi kuyajibu peke yake: hamu, huzuni, kujilaumu, kutamani kufa. Mwombe daktari pia akupime damu na tezi la shingo kabla hamjakubaliana kwamba ni sonona. Na kama swali la mwisho umelijibu "ndiyo", ruka yote haya uende hatua ya 7 sasa hivi.

Hatua ya 3: Mwambie daktari wa kliniki kwa sentensi mbili

Foleni umeiona. Daktari ana dakika chache na macho yake yako kwenye namba. Usimngoje akuulize. Andika nyuma ya kitabu cha kliniki, usiku wa kuamkia siku hiyo, kitu kama hiki: "Daktari, kwa wiki tatu sina hamu ya chochote na kuna siku siitumii dawa kwa makusudi. Naomba unielekeze kwa mtu wa ushauri nasaha." Umsomee. Kusoma ni rahisi kuliko kusema, na hilo neno "kwa makusudi" litamfanya aweke kalamu chini.

Usiogope kwamba unampotezea muda na mambo ya moyo. Ukiwa na wasiwasi mwili hutoa homoni za hatari, na homoni hizo huliambia ini litoe sukari iliyoihifadhi. Namba yako ya asubuhi inaweza kupanda bila wewe kugusa hata tende. Hilo sikuambiwa na mtu kwa miaka saba. Katika kliniki moja muuguzi alinikaripia mbele ya benchi zima kwamba nakula vilivyokatazwa na kudanganya, na siku hiyo wallahi nilikuwa nimekula wali mkavu na mchicha.

Hatua ya 4: Tafuta mtu wa kuongea naye

Wapo wa aina tatu, na kuwachanganya hupoteza nauli. Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari kamili, ndiye anayeweza kukuandikia dawa. Mwanasaikolojia na mshauri nasaha, ambaye wengi tunamwita kaunsela, hutibu kwa mazungumzo. Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu 2014, kwa hiyo una haki ya kumuuliza mtu kama amesajiliwa. Anayekasirika kwa swali hilo, mwache.

Pa kuanzia ni hospitali unayohudhuria tayari. Hospitali Kuu ya Pwani ni ya rufaa na ya kufundishia, na kule Port Reitz, upande wa Changamwe, kuna kitengo cha afya ya akili. Najua jina la Port Reitz linavyosikika mjini. Mtu akilitaja, mwenzake anawaza minyororo na kelele. Niliketi pale na mwalimu wa shule, mama wa mtoto mwenye kifafa, na kijana wa tuktuk aliyekuwa akipiga miayo. Foleni ni foleni.

Kabla ya kukubali, uliza manne. Tutaongea Kiswahili? Bei ni ngapi, na SHA, bima ya afya ya serikali, inalipa sehemu yoyote? Umewahi kukaa na watu wenye maradhi ya kudumu? Nani ataona unayoyaandika? La lugha ndilo zito. Kuna mambo siwezi kuyasema kwa Kiingereza bila kuonekana natoa ripoti ya kazini. Na la siri ni zito zaidi kwa mji huu, ambako kila mtu ni binamu wa mtu. Mimi nakaa Kuze, nikachagua mtu aliye ng'ambo ya daraja la Nyali ambaye hamjui hata mmoja wa jamaa zangu. Siri ina mpaka mmoja, naye atakueleza siku ya kwanza: ukiwa hatarini kujidhuru au kumdhuru mtu, hataweza kunyamaza.

Wa Likoni, chukueni miadi ya katikati ya asubuhi au muombe kikao cha simu. Kufika umechelewa kwa ajili ya feri, jasho limekutoka, ni kupoteza nusu ya saa uliyolipia.

Hatua ya 5: Jua kinachofanyika humo ndani

Nilidhani nitapewa moyo. Kupewa moyo kunapatikana bure, kila shangazi anako. Kilichonishangaza ni kwamba tiba ya mazungumzo ni kazi, ina vifaa vyake, na unarudi nyumbani na zoezi kama mwanafunzi.

Kikao cha kwanza ni cha kusimulia. Beba kitabu cha kliniki na mfuko wa dawa zako zote. Kaunsela wangu aliniuliza hujambo, nikajibu sijambo. Akanyamaza. Akanyamaza mpaka nikasikia feni. Nikasema, "Ila." Kisha nikalia kama dakika ishirini, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, na yeye hakuniambia nisubiri wala nisilie. Alisogeza karatasi za kupangusia tu.

Kuanzia kikao cha pili tukafanya kazi. Njia aliyoitumia sana ilitokana na daktari wa Marekani, Aaron Beck, aliyeanza kuikuza miaka ya 1960. Msingi wake ni kwamba kati ya jambo na maumivu kuna wazo linalopita mbio, na ukilikamata unaweza kulihoji. Mfano wangu wenyewe: asubuhi napima, kipimo kinasema 14 (mmol/L), yaani juu mno. Wazo linapita: "Nimeshindwa, nitakatwa mguu kama ami." Moyo unazama. Halafu nafanya nini? Siendi kliniki, sipimi tena kwa siku nne ili nisione, na jioni nakula chochote kwa kuwa "yote yamekwisha". Yaani si ile 14 iliyonimaliza, ni zile siku nne.

Zoezi lilikuwa daftari lenye safu nne: jambo, wazo, nilichohisi, nilichofanya. Kisha swali moja kwa kila wazo: ushahidi uko wapi? Ushahidi ulikuwa kwamba usiku ule nilikula biriani ya harusi saa tano na nikasahau dawa ya jioni. Kwamba vipimo vitatu vya kabla ya hapo vilikuwa vizuri. Kwamba ami alikuwa na kidonda alichokificha miezi, mimi nakagua nyayo kila usiku. Wazo jipya halikuwa la kujipa raha: "Jana nilikosea, leo narudi kwenye dawa, nikipata 14 siku tatu mfululizo nampigia daktari." Hilo wazo linaniacha nikisimama. Usikubali kaunsela akulazimishe uwaze mazuri tu, maana mengine ni ya kweli na ni mabaya. Sukari haitaondoka. Kwa hayo kazi ni nyingine: kukaa nayo bila kupigana nayo saa ishirini na nne, na kutumia nguvu iliyobaki kwa yale unayoyathamini.

Hapo ndipo ile karatasi ya hatua ya 1 ilirudi mezani. Kutoka upande wa pili, tukachagua kitu kimoja kidogo. Kwangu: baraza, Alhamisi, robo saa, na sentensi iliyoandaliwa. "Jamani, nina sukari, halua basi, mnimiminie kahawa." Nilitetemeka kama bwana harusi. Walicheka, mmoja akasema naye anayo, miaka mitatu, hajamwambia mkewe. Tiba hii ina mantiki ya kinyume: hungoji hamu irudi ndipo ufanye, unafanya kidogo na hamu inafuata nyuma kwa kusuasua. Kwa mwingine itakuwa kutembea Mama Ngina jua likipoa, au kushona tena.

Upande mwingine wa kazi ni kutatua matatizo moja moja, na hapa nalazimika kuisifu Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianzisha mjini Harare mpango wa benchi nje ya zahanati, na watoa huduma wake ni mabibi wazee waliofunzwa. Wanakaa na mtu vikao visivyozidi sita: wanafungua mawazo yake, wanachagua tatizo moja, wanatafuta hatua moja ya kulipunguza. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha dalili za waliokaa kwenye benchi zilipungua zaidi kuliko za waliopata huduma ya kawaida. Neno wanalotumia la Kishona ni kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Sisi tunasema "ana mawazo". Ni maradhi yale yale, na sisi mabibi na mabenchi tunayo.

Usihukumu kwa kikao kimoja. Vikao sita hadi kumi na viwili ni vya kawaida, kimoja kwa wiki au kwa wiki mbili. Lakini baada ya vitatu au vinne, ukiona unahubiriwa, au unaondoka bila hata kitu kimoja cha kujaribu, badilisha mtu. Huna deni naye. Ukiandikiwa dawa za sonona, jua kwamba huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, hazikatizwi ghafla, na daktari wako wa sukari au wa figo lazima ajue.

Hatua ya 6: Wape watu wa nyumbani kazi

Watu wetu hawana ubaya, wana methali. "Subira, mwanangu." "Mwenzio ana kansa." Wakose la kufanya, watasema. Basi wape la kufanya, kwa adabu na kwa uwazi: "Shangazi, nikishindwa usinipe pole, njoo tutembee mpaka dukani." "Mke wangu, usinihesabie chapati mbele ya wageni, nikumbushe tukiwa wawili." Ombi moja kwa mtu mmoja.

Kuhusu dini: kisomo na dua havigombani na kaunsela, na wengi tunavitegemea vyote. Tatizo ni Ramadhani. Nimewaona wanaume wakiificha sukari na kufunga mpaka wanazimia, si kwa ujinga bali kwa haya ya kula watu wakiwa wamefunga. Sura ya Baqara, aya ya 184 na 185, inampa mgonjwa ruhusa waziwazi, na shehe wako atakueleza fidia kwa asiyetarajia kupona. Ongea na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, kisha mshirikishe kaunsela katika huzuni yenyewe, kwa kuwa ruhusa haiondoi ule upweke wa kunywa maji jikoni umefunga mlango. Mimi sasa kazi yangu ni kupeleka futari kwa majirani. Imenisaidia kuliko nilivyotazamia.

Mganga anayekwambia uache dawa, ondoka na viatu vyako mkononi.

Hatua ya 7: Panga siku mbaya kabla haijafika

Andika mpango ukiwa mzima, ubandike ndani ya mlango wa kabati.

Kwanza, ukitetemeka, ukitoka jasho na moyo ukienda mbio, usianze kuvuta pumzi za kutulia. Pima sukari. Sukari ikishuka chini ya 4, dalili zake zinafanana sana na hofu. Kama huna kipimo, chukulia imeshuka: koroga vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari ndani ya maji, unywe, upime tena baada ya dakika 15. Ikiwa sukari iko sawa, basi ni hofu. Keti, toa pumzi polepole kuliko unavyoivuta, taja vitu vitano unavyoviona.

Pili, andika majina mawili ya watu wa kupigia, na useme nao mapema watafanya nini.

Tatu, mawazo ya kujiua. Usikae peke yako. Insulini na tembe zote zikabidhiwe mtu mwingine, naye akupe dozi kwa dozi. Piga 1199, namba ya bure ya Msalaba Mwekundu Kenya, au uende chumba cha dharura cha hospitali iliyo karibu, usiku au mchana. Wengi walikuwa wakikaa kimya kwa kuogopa polisi, maana kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho, cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kinakiuka katiba. Nenda, na aliye nawe aseme ukweli mlangoni.

Hatua ya 8: Ukipata nafuu, usitoweke

Vikao hupunguzwa polepole: kila wiki, kila mwezi, kisha unapohitaji. Zijue nyakati zako za kuteleza. Zangu ni tatu: wiki ya majibu ya damu, mwezi wa Ramadhani, na siku daktari anapoongeza dawa mpya, hata ikiwa tembe moja ndogo. Kwa kila moja nachukua kikao kabla, sio baada. Kwenye kitabu changu cha kliniki, tarehe ya kupima sukari na tarehe ya kaunsela zimeandikwa kwenye mstari mmoja, kwa kalamu ile ile.